Walilinda Uwanja, Wakaisahau Simu

Kila siku akitoka shule, Minza alianza kwa kufagia duka la mama yake. Kazi hiyo aliichukia. Vumbi la dawa ya pamba lilimwingia puani akapiga chafya mpaka machozi, na mama hakuwa mtu wa kusema pole.

"Fagia pembeni," mama alisema. "Katikati hata mbuzi anaweza kufagia."

Mama Generoza aliuza mbegu, mabomba ya kunyunyizia na dawa za wadudu, kando ya barabara inayotoka Bariadi kwenda Lamadi. Zamani vitu hivyo vilipatikana kwa chama cha ushirika peke yake. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi wa pamba walikuwa wengi mpaka wakawa wanagombea wakulima barabarani, na makampuni ya simu yalipaka kuta za nyumba za watu rangi nyekundu, bluu na njano, mtaa mzima ukawa kama bango. Nyumba ambayo mwaka juzi haikuwa na redio, mwaka huu ilikuwa na simu.

Mama alikuwa pia katibu wa kamati ya wazazi wa shule. Kwa kuwa mikono yake ilishinda na dawa, simu yake, kitochi cha kijivu, ilishikwa na Minza.

"Andika," mama alisema huku akipima mbegu. "Kikao cha wazazi Jumanne saa kumi. Katibu. Basi. Usiweke maua."

Minza aliandika, akabonyeza, na meseji ikaenda kwa watu kumi kwa mkupuo mmoja. Watu hao walikuwa mabalozi wa nyumba kumi kumi. Kila balozi alipoipata, alipita katika nyumba zake akitangaza. Kabla jua halijazama, nyumba mia moja zilijua. Minza alijisikia kama mkuu wa mkoa.

"Namba ya siri ya simu hii tunaijua wawili," mama alimkumbusha mara kwa mara. "Na simu haishikwi na mtu wa tatu. Hata akilia."

Duka likishafagiliwa, Minza alikimbia kurudi shuleni kulinda uwanja. Kazi hiyo hakuhitaji kutumwa.

Kila mwaka baada ya mavuno ya pamba, shule yao iligawanyika makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, kama walivyogawanyika babu na bibi zao. Siku ya mashindano makundi yote mawili yalipiga ngoma kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake wa uwanja, na watazamaji walisimama wanapopenda. Filimbi ya mwisho ikilia, walimu walihesabu vichwa. Kundi lenye watazamaji wengi ndilo lililoshinda. Mwaka huu mshindi angekwenda Mwanza kucheza mbele ya shule za mikoa yote ya ziwa.

Minza, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa manju wa Bagalu, yaani kiongozi wa kuimba. Wimbo wao wa bugobogobo, ngoma ya majembe, aliutunga mwenyewe tangu Januari. Aliutaka ushindi huo mpaka akauota. Manju wa Bagika alikuwa Milembe, ambaye walikaa naye dawati moja. Milembe alilelewa na bibi yake, Bibi Wilhelmina, na watu walikuwa wanamsema sana bibi huyo.

"Macho mekundu vile si ya bure," alisema Bujiku, mpiga ngoma wa Bagalu. "Bibi yule ana dawa ya kuvuta watu. Akiifukia kwenye uwanja wetu, tumekwisha."

"Ana macho mekundu kwa sababu anapikia kuni mbichi," Minza alijibu. Lakini alijibu kwa sauti ndogo, na moyoni hakuwa na hakika.

Ndiyo maana Bagalu walilinda uwanja. Kwa wiki mbili walinyunyiza majivu upande wao wote, ili mtu akipita kufukia kitu nyayo zake zionekane. Walipangiana zamu. Walisimama na fimbo. Hata mama wa Bujiku alipokatiza kwenda kisimani walimzuia, naye akawatukana vizuri.

Alhamisi ya mwisho kabla ya mashindano walikuwa na somo la TEHAMA. Somo lilikuwa limefika shuleni, kompyuta zilikuwa bado hazijafika. Mwalimu Januarius alichora kompyuta ubaoni kwa chaki, na wanafunzi walifanya mazoezi ya kubonyeza herufi juu ya madawati matupu. Siku hiyo alichoka na herufi.

"Nilipokuwa jeshini," alisema, "nilikuwa kitengo cha mawasiliano. Tulibeba redio mgongoni. Afisa wetu alituambia, ukimpiga mwenye bunduki umepunguza askari mmoja, lakini ukimdanganya mwenye redio umekipoteza kikosi chake kizima. Siku hizi mambo yamezidi. Kuna majeshi yenye askari wasioshika bunduki. Wanakaa mbele ya kompyuta. Wanaingia katika kompyuta za adui, wanamzimia umeme, wanavuruga benki zake, wanatuma amri za uongo kwa jina la mkuu wake mwenyewe. Mizinga ikija baadaye, inamkuta adui hana macho wala masikio."

Bujiku alinyoosha mkono. "Mwalimu, sasa kompyuta inampigaje mtu? Inarushwa?"

Darasa lote lilicheka. Mwalimu Januarius hakucheka.

"Ukirushiwa kompyuta, Bujiku, utakuwa na bahati. Utaiona ikija."

Minza alicheka na wenzake. Alikuwa anawaza majivu yake.

Ijumaa saa kumi, wakati wa mazoezi, Milembe alimfuata nyuma ya darasa.

"Minza, niazime simu ya mama yako. Meseji moja tu. Mjomba wangu yuko Malampaka stesheni na ngozi za ngoma zetu, sijui kama ataleta leo au kesho."

"Mama amekataza."

"Mama yako yuko dukani."

"Nimesema amekataza, Milembe."

Milembe alitazama huku na huku, akasogea. "Basi nikuambie kitu. Nikuambie tutawatokea na nini kesho. Halafu unipe dakika mbili."

Hapo Minza alishindwa. Kwa wiki mbili Bagalu walikuwa wanaumiza vichwa wajue Bagika wameficha nini. Aliweka namba ya siri, akampa Milembe simu.

"Fisi," Milembe alinong'ona. "Fisi wa magunia, mkubwa, watu wawili ndani. Anafungua mdomo."

Kabla Minza hajauliza fisi huyo angeingilia wapi, Bujiku alipiga kelele kutoka uwanjani. "Nyayo! Nyayo kwenye majivu! Manju, njoo!"

Minza aliruka kama aliyeguswa na moto. Alikimbia, Bagalu wote wakakimbia, wakainama juu ya majivu wakiwa na fimbo tayari. Walizitazama nyayo zile muda mrefu. Walizifuata hatua kwa hatua mpaka kwenye ua, na huko wakakuta kuku wa mlinzi wa shule.

"Labda kuku katumwa," alisema Bujiku.

"Nyamaza, Bujiku."

Aliporudi nyuma ya darasa, Milembe alimrudishia simu. "Asante. Mjomba atakuja," alisema, akaondoka upesi bila kumtazama usoni.

Minza alikuwa njiani kurudi dukani simu ilipoanza kulia. Ilikuwa mlio mfupi, kisha mwingine, kisha mwingine. Alisimama. Kwenye kioo palikuwa na taarifa: ujumbe umefika kwa Balozi Ngeleja. Ujumbe umefika kwa Balozi Luhaga. Zikaendelea mpaka zikatimia kumi.

Alifungua meseji zilizotumwa, hapakuwa na kitu. Milembe alikuwa ameifuta. Ameandika nini? Minza hakujua, ila alijua kwamba mabalozi wote kumi walikuwa wanaisoma muda huo, na ilikuwa imetoka kwenye namba ya mama yake.

Simu ikalia tena, mara moja, ikakatika. Balozi Ngeleja alikuwa anabip. Alitaka apigiwe, bila shaka aulize jambo. Minza aliishika simu akiwa na kidole juu ya kitufe. Akipiga, atajua meseji inasema nini. Akijua, itabidi amwambie mama. Akimwambia mama, mama atauliza simu ilifikaje kwa Milembe.

Hakupiga. Alifuta taarifa zote kumi, moja baada ya nyingine. Labda ni utani, alijiambia. Alimpa mama simu, akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Mama akamtazama mara mbili kwa mshangao, lakini wateja walikuwa wanasubiri.

Usiku huo wachezaji wengine wa Bagalu walilala shuleni kulinda majivu, hawakusikia tangazo la mabalozi. Jumamosi saa nane kamili filimbi ililia. Bagika walipiga ngoma upande wao, watu wamejaa, wengine wamewabeba watoto mabegani. Upande wa Bagalu walikuwa wamesimama watoto wanane, mlinzi wa shule na mbuzi wawili.

Minza aliimba. Aliimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wachezaji walirusha majembe juu wakayadaka, wakapiga magoti, wakainuka, jasho likawachirizika. Kila alipoinua macho aliona majivu matupu. Kutoka upande wa pili zilikuja kelele za furaha, na akaona kichwa cha fisi wa magunia kikifungua mdomo juu ya vichwa vya watu.

"Wako wapi?" Bujiku aliuliza bila kuacha ngoma. "Mama yangu yuko wapi?"

"Piga tu!"

Filimbi ya mwisho ikalia. Walimu hawakuhitaji kuhesabu.

Robo saa baadaye watu wa Bagalu waliingia kwa kundi, vumbi mpaka magotini, wakitokea uwanja wa mnada wa ng'ombe ulio ng'ambo ya pili ya mji. Walikuwa na hasira. Mbele alikuwa Balozi Ngeleja na baiskeli yake, mzee mrefu asiyesikia vizuri ambaye kila kitu alikisema kwa kupayuka.

"Mama Minza! Umetuweka juani na mazizi matupu! Ndiyo heshima hiyo?"

"Nimewaweka mimi?" aliuliza mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka dukani.

Ngeleja alimpa simu yake. Mama akasoma kwa sauti: Ngoma ya Bagalu itakuwa uwanja wa mnada, saa nane. Katibu.

"Hii siyo yangu," mama alisema. "Sikuiandika."

"Imetoka kwenye namba yako!"

"Naona. Sikuiandika." Mama alifungua simu yake, akatafuta, hakuona kitu. Alimgeukia binti yake. "Minza, uliiandika wewe?"

"Hapana, mama," Minza alisema.

Ilikuwa kweli. Hakuiandika. Na alijua papo hapo kwamba hajawahi kusema uongo mkubwa kuliko ukweli huo.

Mama wa Bujiku akasema lile ambalo wengine walikuwa wanalifikiria. "Simu haiwezi kujiandika. Huyu mama wa watu katiwa giza kichwani. Kaandika na hajui kama kaandika. Nani mwenye dawa za namna hiyo hapa? Mnamjua."

Hakuna aliyetaja jina. Ila vichwa viligeuka upande wa Bagika, kule Bibi Wilhelmina alikokuwa amekaa kwenye kigoda chake akimpigia makofi mjukuu wake.

Jumapili kanisani, benchi la Bibi Wilhelmina lilibaki na mtu mmoja, yeye. Kisimani wanawake walivuta ndoo zao pembeni alipofika. Mtu mmoja alisema Jumatatu jambo lipelekwe kwenye kikao cha wazazi, likishindikana liende kwenye baraza la mtaa. Mwingine alisema kwa nini kungoja baraza. Minza alikuwa amesimama hapo hapo na ndoo yake. Nchi ile watoto wanajua mapema maneno ya namna hiyo huishia wapi: kikongwe huuawa usiku. Maji yake yalimwagika mguuni, hakuhisi.

Mchana Milembe alikuja mpaka nyuma ya duka. Macho yalikuwa yamevimba.

"Sema," alisema.

Hasira zote za Minza zilipanda. "Niseme nini? Uliandika wewe! Umeniibia mashindano, umemtia mama yangu aibu, halafu unakuja kuniambia niseme. Kaseme mwenyewe!"

"Nilikwenda. Jana jioni nilimwambia mama wa Bujiku ni mimi niliyeandika. Unajua alinijibu nini? Alisema bibi kanituma niseme hivyo, ili kumkinga. Aliniuliza, simu ya katibu ungeipata wapi wewe?" Milembe alifuta pua kwa mkono. "Nikasema nilipewa na Minza. Akasema Minza ni mtoto mwenye adabu."

Minza aligeukia mifuko ya mbegu, akaanza kuipanga upya bila sababu.

"Nilitaka kushinda," Milembe alisema. "Mlikuwa na majembe, mnayarusha vile, na wimbo wenu mzuri. Sisi tulikuwa na magunia. Nilidhani watu watachelewa tu. Sikujua watamgeukia bibi. Jana usiku hakula, Minza. Anauliza amewakosea nini watu."

"Ungefikiria hayo Ijumaa."

"Na wewe ungempigia mzee Ngeleja Ijumaa! Alikubip, kaniambia mwenyewe! Mimi nilisema uongo mara moja. Wewe unasema mpaka leo!"

Minza alimsukuma. Milembe akamsukuma naye. Mfuko wa mbegu ukaanguka ukapasuka, na wote wawili wakajikuta wamepiga magoti wakiokota mbegu za pamba moja moja, wakilia kwa hasira, hakuna anayemtazama mwenzake.

Kikao cha Jumatatu kilifanyika darasani. Wazazi walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafikia videvuni. Bibi Wilhelmina alikaa karibu na mlango, peke yake. Mama Generoza alisimama mbele. Alisema hana maelezo, na kama kamati inataka katibu mwingine, daftari la kumbukumbu lile pale mezani.

"Sio wewe, mama," alisema mama wa Bujiku. "Sisi tunamjua aliyekufunga akili."

Minza aliyekuwa amesimama dirishani na wanafunzi wenzake aliingia. Hakukumbuka kuvuka mlango. Alijikuta mbele, pembeni ya mama, mbele ya watu wazima wote wa mtaa.

"Ni mimi," alisema.

"Sauti!" Balozi Ngeleja alipayuka kutoka nyuma.

"Ni mimi nilimpa Milembe simu! Mama alinikataza, nikampa, ili aniambie siri ya Bagika. Halafu nikamwacha nayo nikaenda kuangalia nyayo za kuku. Zilipokuja taarifa kwamba meseji imefika kwa mabalozi, nilizifuta. Mzee Ngeleja akabip, sikumpigia. Mama hajafungwa akili na mtu. Bibi Wilhelmina hajafanya kitu."

Mama hakumpiga. Alimtazama tu kama anayesoma bili ambayo hakuitegemea, na Minza aliona afadhali angepigwa.

Milembe alikuja akasimama karibu naye. "Na mimi ndiye niliyeandika," alisema.

Mwalimu Januarius alikuwa ameegemea ubao. Aliuomba mkutano dakika tano.

"Wazazi, naomba nijibu swali ambalo Bujiku aliniuliza Alhamisi. Aliuliza kompyuta inampigaje mtu. Bagalu walikuwa na jeshi zuri. Majembe, ngoma, walinzi, majivu. Nani aliwagusa? Hakuna. Nani aliingia uwanjani kwao? Kuku. Na bado walishindwa kabla ya kupiga ngoma ya kwanza, kwa meseji moja iliyoandikwa na msichana wa miaka kumi na mitatu. Hivi ndivyo vita vya sasa vinavyoanza. Adui haanzi na mpaka wako. Anaanza na simu yako, kompyuta yako, redio yako. Halafu anakaa pembeni, wewe mwenyewe unapeleka watu wako mahali pasipo na vita."

"Lakini mwalimu," alisema mama wa Bujiku, "sisi tungejuaje?"

"Swali zuri. Mabalozi, nani kati yenu alisema uongo?"

Mabalozi walitazamana. "Hakuna!" Ngeleja alipayuka. "Mimi nilitangaza nilichotumiwa!"

"Basi sikilizeni. Uongo huo ulibebwa na watu waaminifu tupu. Ndiyo nguvu ya silaha hii. Na pigo lake la pili ni baya kuliko la kwanza. La kwanza liliwapeleka mnadani, mkarudi na vumbi. La pili liliwafanya mtafute adui kati yenu wenyewe. Mkamkuta bibi mwenye macho ya moshi wa kuni. Nchi zinaweza kuchinjana hivyo hivyo, na aliyetuma uongo hajainuka kwenye kiti."

Mama wa Bujiku aliinamisha kichwa. Mtu mmoja alikohoa. Hakuna aliyegeuka kumtazama Bibi Wilhelmina, na safari hii ilikuwa kwa aibu.

Kikao kiliamua mashindano yarudiwe Jumamosi. Minza na Milembe wasiimbe. Wimbo ambao Minza aliutunga tangu Januari utaongozwa na Bujiku, mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Minza aliuma midomo. Alitaka kupinga, akakumbuka hana pa kusimama.

"Na hao wawili," mama Generoza aliongeza, "waende kwa mabalozi wote kumi, kwa miguu, waseme kwa midomo yao. Hakuna meseji. Nitakwenda nao."

Walianza jioni hiyo hiyo kwa Balozi Ngeleja. Walimkuta anaingiza ng'ombe zizini.

"Mwadila, baba," Milembe aliamkia.

"Mwadila. Semeni."

"Baba, umeshatusikia kikaoni," Minza alisema. "Meseji ilikuwa ya uongo. Tunaomba radhi."

"Sauti!"

"MESEJI ILIKUWA YA UONGO! TUNAOMBA RADHI!"

Ng'ombe wawili waligeuka kutazama. Mzee alifunga zizi taratibu, akajifuta mikono.

"Mimi nimekuwa balozi tangu hamjazaliwa," alisema. "Sijawahi kupeleka neno la uongo kwa mtu. Ijumaa mlinipandisha baiskeli nikaupeleka uongo wenu nyumba kumi, kwa kinywa changu. Mnaniomba radhi mimi, nimewasikia. Na hao kumi niliowadanganya, nani atawaambia?"

"Wewe ni balozi, baba," Milembe alisema kwa kusihi. "Ukiwatangazia wewe…"

"Sitangazi. Twendeni."

Minza alimtazama mama yake akitumaini msaada. Mama alikuwa ameshaanza kutembea. "Amesema kweli," alisema bila kugeuka. "Na ikiwa kwake ni hivyo, kwa mabalozi wengine tisa itakuwa hivyo hivyo. Nyumba zote."

Wakaenda. Kila mlango wakasema maneno yale yale. Kuna waliocheka, kuna waliofoka, na mama mmoja aliwaacha wasimame mpaka akamaliza kupepeta mahindi. Miguu iliuma, na koo la Minza lililozoea kuimba lilikauka kwa sentensi mbili. Nyuma yao watu walianza kufuata, kwanza watoto, kisha wanawake kadhaa, mama wa Bujiku akiwa wa mwisho kabisa.

Nyumba ya kumi ya Balozi Ngeleja ilikuwa ya Bibi Wilhelmina. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua choroko. Alipoona kundi la watu linaingia uani kwake, mikono yake ilisimama, na ungo ukaanza kutetemeka magotini. Minza aliuona ule ungo. Hapo ndipo alipoelewa jambo alilolifanya, kuliko alivyoelewa kikaoni.

Alipiga magoti mbele yake, akamwamkia kama mama. "Mwadila, mayu. Tumekuja kusema kosa ni letu. Wewe hukufanya kitu."

Bibi alimtazama, akamtazama mjukuu wake, akawatazama watu waliosimama nyuma.

"Mwadila," alisema mwishowe. "Ngoma sijali, wajukuu zangu. Ngoma huwa tunashindwa, tunashinda. Ila tangu Jumamosi wewe ni mtu wa kwanza kuniamkia, ukiacha huyu wa nyumbani. Nilikuwa nahesabu."

Balozi Ngeleja, ambaye safari hii alisikia bila kuambiwa, alivua kofia akamwamkia. Wanawake wakafuata mmoja mmoja. Mama wa Bujiku alikaa chini bila kukaribishwa, akavuta sehemu ya choroko, akaanza kuchambua huku ameinamisha uso.

Mama Generoza aliwavuta wasichana pembeni ya ua. Hakupandisha sauti, na hakuipunguza.

"Mtakuja kushika vitu vikubwa kuliko kitochi. Labda kompyuta za benki, labda za jeshi la nchi hii. Milembe, kidole kimoja kinatosha kuumiza mtu usiyemwona, kwa hiyo kabla hujabonyeza, mtafute mtu huyo akilini umwone. Minza, mlango wa simu ile haukuwa namba ya siri. Ulikuwa wewe, na ulijifungua mwenyewe. Hata hivyo kukosea si mwisho wa dunia. Ijumaa jioni kosa lako lilikuwa la kusahihishwa kwa kumpigia mtu mmoja. Jumamosi lilihitaji mkutano. Leo linataka nyumba mia, na siku tatu alizokaa bibi wa watu bila salamu hakuna atakayemrudishia. Kosa likitokea, sema siku hiyo hiyo, likiwa bado dogo la kubebeka."

"Ndiyo, mama," Minza alisema.

"Haya. Zimebaki tisini. Inukeni."